Ugonjwa wa Kwenda na Kurudi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vikubwa, vikawa vinapiga kelele kwenye sakafu, ndiyo maana Sista Mkuu alinisikia kabla hajaniona. Ilikuwa hospitali kubwa ya serikali, hapa hapa Dar es Salaam. Mimi Mshamu nilikuwa kijana wa Mchafukoge, ule mtaa wa ghorofa za katikati ya mji, darasa la nne nimelimaliza kwa shida, nimefika kwa miguu na tumbo tupu. Sista Mkuu alikuwa mkubwa wa wauguzi wote, mama mwenye saa ya kuning'inia kifuani, na madaktari wenyewe walikuwa wakimkwepa kwenye korido. Alitazama viatu, akatazama uso.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, Sista."

"Kunyamaza je?"

"Hiyo najua."

"Basi chukua ndoo. Kusoma utajifunzia humu humu."

Nikawa atendanti. Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda hamjui atendanti ni nani. Siyo nesi, wala siyo mfagiaji, ingawa nimefagia sana. Ni mikono ya ziada. Nilimwaga bedpani, kile chombo cha haja cha mgonjwa asiyeinuka, nikatandika vitanda, nikakata gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, nikachemsha sindano. Enzi zetu sindano ilikuwa ya glasi, haitupwi. Unaichemsha kwenye sufuria mpaka uwe na hakika haina kitu cha mtu wa kabla. Nilibeba pia waliokufa, lakini hilo tuliache, nikianza hapo sitamaliza.

Kazi niliyoipenda ilikuwa kushika. Kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Daktari anaingiza sindano ndefu katikati ya mifupa ya kiuno, anakinga matone ya yale maji yanayozunguka ubongo na mgongo, maabara wanayatazama kama yana wadudu. Mgonjwa analazwa ubavu, anakunjwa magoti mpaka kidevuni, kama kamba wa kwenye sahani. Akijinyoosha katikati ya kazi ni balaa. Wengine walishika kwa nguvu. Mimi nilishika kwa maneno. Unamuuliza mgonjwa kwao pilau wanatia nyanya au hawatii, halafu unambishia. Mtu anayekubishia habari ya pilau hajinyooshi.

Nilipita wodi ya wanaume, nikapita wodi ya vidonda, nikapelekwa chumba cha upasuaji. Huko bosi alikuwa Daktari wa Upasuaji, mtu mfupi mwenye matusi mengi. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe, ukitaka kuzimia, zimia kuelekea ukutani." Sijazimia. Lakini kila nikimwona nilisogea ukutani, na yeye akacheka chini ya kile kitambaa cha mdomo. Naona nimemkumbuka bure, hana nafasi katika habari hii. Basi tu.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mbio. Mtu aliyekuwa anapanga foleni ya sabuni alfajiri, ghafla Kariakoo nzima imejaa sabuni, redio kaseti, mitumba imemwagwa chini kama takataka, kila mwenye meza ni mfanyabiashara. Na hospitalini kwetu, wakati huo huo, glovu hakuna. Mgonjwa anakuja na glovu zake, na uzi wake wa kushonwa, kanunua huko huko Kariakoo. Nilikuwa najiuliza, hii nchi imefunguliwa upande gani. Siku moja Katibu wa hospitali, yule wa ofisini, akaniita akiwa hajaniangalia usoni.

"Mshamu, serikali inapunguza watu. Usidhani ni wewe. Ni idadi."

Nikamwambia, "Bwana Katibu, idadi haina watoto."

Nikauza mashati ya mitumba. Sikuwa mzuri. Mteja akikosa hewa kwa joto mimi namkalisha, nampepea, namuuliza kama amekula, shati hanunui. Ndipo siku moja akasimama mbele ya mashati yangu Daktari.

Nitamwita Daktari tu. Alikuwa mtoto wa Mchafukoge kama mimi, wa familia ya Kihindu iliyokuwa na duka la vitambaa, na kule hospitali alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, yaani zile nyuzi za mwilini zinazopeleka habari kutoka ubongoni mpaka kwenye kidole na kurudi. Serikali ilikuwa imeruhusu tena madaktari kufungua zahanati zao, naye akafungua chini ya ghorofa la baba yake. Alikuwa mtu asiyetulia. Akikaa, goti linacheza. Akifikiri, anatembea. Mama yake juu alikuwa akisikia nyayo anasema leo kuna mgonjwa mgumu.

"Mshamu bwana, bado unashika watu?"

"Siku hizi nashika mashati, Daktari."

"Yaache."

Nikayaacha. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba vitatu na korido yenye benchi. Daktari, nesi mmoja wa zamu, na mimi. Humo ndimo alimoletwa Mwanaidi.

Aliletwa kwa mkokoteni, ule wa kubebea magunia. Ilikuwa mchana wa Februari, joto la kukaanga. Mvuta mkokoteni akasimama mlangoni akaita, "Mzee, mzigo wako huu, shika kichwani."

"Mzigo mama yako," akasema mwanamke aliyekuwa akitembea pembeni ya gurudumu. "Huyu ni bibi harusi."

Huyo mwanamke ni Bi Tatu, na alikuwa somo wa Mwanaidi. Kwa asiyejua desturi za sisi watu wa pwani, somo ni mama mtu mzima anayemfunda msichana na kumtayarisha kwa ndoa. Mama mzazi wa Mwanaidi alikuwa ametangulia, kwa hiyo Bi Tatu alikuwa somo na mama kwa pamoja, na mdomo wake ulitosha kwa wote wawili. Mwanaidi mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, anauza kanga Kariakoo kwenye meza aliyoiacha mama yake. Nilimwingiza mikono chini ya kwapa nikamketisha kwenye benchi.

"Shikamoo mzee," akasema, huku miguu inacheza yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Watakwambia wenyewe. Mimi kila mtu ana jibu lake."

Bi Tatu hakuja kutafuta ugonjwa. Alikuja kutafuta cheti. Mchumba wa Mwanaidi aliitwa Rajabu, kijana muuza redio kaseti, na mama yake Rajabu alikuwa amesikia maneno mtaani: yule binti anapepesuka, anadondosha vitu, mara haoni, mara anaona. Miaka ile kijana akidhoofu, jibu lilikuwa moja tu, na halikutajwa kwa jina. Ulisemwa "ule ugonjwa," basi. Mama mkwe akasema bila cheti cha damu hakuna ndoa. Mkitaka kujua Mwanaidi alikuwa anapigania nini, ni hiyo ndoa na ni heshima yake ya mtaani. Angerudi pale bila jibu, angekufa hai.

Damu ikapimwa, siku ya majibu wakaja tena. Damu safi. Bi Tatu akapiga kigelegele kimoja kifupi pale pale kwenye korido, wagonjwa wengine wakashtuka.

"Sasa limebaki moja," akasema. "Ni jini. Nilijua. Jini mahaba."

Jini mahaba, nieleze, ni lile linalosemwa humpenda mwanamke likamfanya mke wake. Binti akitaka kuolewa na mwanadamu, jini linaona wivu. Sikucheka wakati ule, na sicheki leo. Nimekulia nyumba ambayo majini yalipungwa kwa ngoma mpaka majirani wakahama.

Daktari alikuwa anaandika. "Umejuaje ni jini, mama?"

"Nimejuaje? Namfukiza mimi mwenyewe." Na hapo Bi Tatu akaeleza, kwa fahari ya fundi. Mwali kabla ya harusi hupigwa singo, ile liwa na vitu vya kunukia vya kusugua ngozi, na hufukizwa nyungu: chungu cha majani yanayochemka, mwali anainama juu yake, anafunikwa blanketi, mvuke unamtoa jasho. "Kila nikimfunika, jini linapanda. Jicho la kulia linazima. Miguu inakuwa uji. Nikifungua blanketi, akapoa, linashuka, anaona, anasimama. Nikimfunika tena, hilo linapanda. Daktari, jini halitaki harusi. Lingekuwa gonjwa la hospitali lingejuaje kuwa namtayarisha bibi harusi?"

Daktari aliacha kuandika. Goti lake nalo likaacha kucheza, na mimi katika miaka yote sikuwa nimeliona likiacha.

"Rudia hapo pa blanketi," akasema.

Akarudia. Daktari akasimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akamgeukia Mwanaidi, akamuuliza taratibu ilianzaje. Mwanaidi akasema mwaka uliopita jicho la kulia liliuma kila akiligeuza, likaingia ukungu, akapewa dawa ya matone, baada ya wiki kadhaa likafunguka. Watu wakasema alikuwa anadeka. Baada ya Ramadhani miguu ikafa ganzi, anatembea kama amevaa soksi nene, wateja wakasema binti wa marehemu siku hizi analewa. Nayo ikapona yenyewe. Sasa imerudi.

"Na kuna lingine," akasema, sauti imeshuka. "Nikiinamisha kichwa kufunga mzigo wa kanga, kitu kinashuka mgongoni kama nimeshika waya. Hili sijamwambia hata Bi Tatu."

"Hukuniambia kwa nini?"

"Ungelipachika jina."

Daktari alimpima palepale. Aligonga magoti kwa ile nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka kupita kawaida, nusura unipige mimi. Alimkwaruza unyayo kwa ufunguo. Kwa mtu mzima dole gumba hukunjika kwenda chini. Lake lilipanda juu, polepole, kama linaangalia nani analisumbua. Alimwekea kifundoni uma wa chuma unaovuma ukiupiga, akamuuliza anausikia ukitetemeka. Mwanaidi akauliza, "Umeshauweka?" Kisha akamulika ndani ya jicho kwa tochi ndogo yenye lenzi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka akaniambia, "Mshamu, tayarisha sindano ya mgongo."

Nilimkunja, nikamshika. Nikamuuliza pilau lao linatiwa nyanya.

"Pilau la nyanya? Mzee, wewe wa wapi?"

"Mchafukoge."

"Ndiyo maana. Mmeharibiwa na ghorofa."

Matone yakatoka, maangavu. Maabara ikajibu hakuna kifua kikuu cha mgongo, hakuna kaswende, hakuna wadudu. Ningedhani mtu angefurahi. Daktari hakufurahi. Kila ugonjwa uliofutwa ulimwachia ule mmoja asioutaka.

Siku zile hakukaa. Alitoka mpaka Posta kupiga simu ya ng'ambo kwa mwalimu wake wa zamani, akarudi, akaenda tena. Mimi nafuta meza ambayo ni safi. Mwisho nikamuuliza, maana alikuwa ananichosha.

"Daktari, unajua anachoumwa au hujui?"

"Najua. Ndiyo shida." Akasimama dirishani. "Kuna ugonjwa, Mshamu, nimeusoma, nimeuona nje kwa Wazungu vijana. Askari wa mwili, wale wanaopigana na wadudu, wanageuka wanapiga mishipa ya fahamu ya mwenye mwili. Umewaona mgambo wanavyofukuza wamachinga? Wakikosa machinga wanapindua meza ya mwenye kibali. Hivyo hivyo. Wakitulia, mishipa inajirekebisha kidogo, mgonjwa anaamka. Kisha wanarudi, wanapiga pengine. Sehemu mbili za mwili, nyakati mbili, ndivyo tunavyoutambua."

"Si ndiyo hivyo hivyo kwake?"

"Ndiyo. Lakini vitabu vyote vinasema kwa Waafrika wa huku karibu haupo. Hapa hakuna mashine ya sumaku ya kupiga picha ya ubongo. Nikikosea, nimemtwisha msichana ugonjwa wa maisha kwa sababu ya nyungu ya Bi Tatu."

Nikasema labda haupo huku kwa sababu wanaoupata wanapelekwa kupungwa. Sikusema kwa ujuzi, nilisema kwa kuchoka. Akasema, "Kesho asubuhi nataka maji ya moto. Mengi."

Zamani, kabla ya mashine, madaktari wa ng'ambo walimtumbukiza mgonjwa wa namna hii kwenye maji ya moto kuona kama dalili zitapanda. Joto hufanya mshipa uliochubuka ushindwe kupitisha habari. Siku hizi hawafanyi, na nyinyi msijaribu kumfanyia mtu, anaweza kubaki hivyo. Daktari mwenyewe alisema tutakwenda taratibu, na kwa muda mfupi.

Nilichemsha kwa majiko mawili ya mkaa uani. Karai kubwa nikaliweka kwenye bafu la nyuma. Sasa mwali hawezi kuogeshwa na mwanaume, kwa hiyo ndani alikuwa Bi Tatu, na Mwanaidi amejifunga kanga. Mimi nje ya mlango napitisha ndoo, Daktari nyuma yangu kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Kabla hawajaingia, Bi Tatu akatoa furushi la majani.

"Majani hapana, mama," akasema Daktari. "Maji tu."

"Na bismillahi nayo hapana?"

"Bismillahi sema. Majani weka pembeni."

Tukasubiri. Nikasikia maji, nikasikia Bi Tatu ananong'ona. Halafu sauti ya Mwanaidi, ya kawaida tu, ndiyo iliyonitisha:

"Bi Tatu, ile kanga yako nyekundu imepauka."

"Imepauka wapi? Mpya hii."

"Imepauka. Sasa siioni."

Daktari akasema mtoeni, mtoeni sasa hivi. Bi Tatu akamfunika, tukaingia, nikamshika. Miguu ilikuwa uji kweli, kama alivyosema somo. Daktari akamwonyesha vidole mbele ya jicho la kulia, Mwanaidi akasema havioni. Kisha nikaletewa barafu niliyokuwa nimeiagiza kwa muuza juisi wa nje, tukaitia kwenye taulo, tukamwekea shingoni na mabegani, feni imefunguliwa mpaka mwisho. Tukakaa. Mimi nilikuwa naomba, sijui naomba nini, maana ikirudi ni ule ugonjwa wa Daktari, isiporudi ni kwamba tumempofusha.

"Nyekundu," akasema Mwanaidi baada ya kitambo. "Nyekundu imerudi. Bi Tatu, una kidevu kichafu cha masizi."

Bi Tatu akajifuta kidevu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa, majani yake mapajani, hayana kazi. Mwanaidi akamwangalia.

"Jini gani hilo linaogopa barafu?"

"Yapo," akasema Bi Tatu. "Yapo yasiyopenda baridi." Lakini alisema bila nguvu, na alipoondoka yale majani aliyaacha, nikayatupa mimi.

Daktari akamwambia Mwanaidi siku ile ile. Ugonjwa wenyewe aliutaja kwa jina lake la kigeni, na mimi mpaka leo nalitamka hivi: maltipo sklerosisi. Mwanaidi akamtaka arudie mpaka aweze kulisema mwenyewe.

"Nitapona?"

"Hili shambulio litapita. Nitakupa sindano za kulipunguza makali. Ugonjwa wenyewe utabaki, na utarudi, sijui lini."

"Unaambukiza?"

"Hauambukizi."

"Nitazaa?"

"Utazaa."

"Basi," akasema Mwanaidi. Akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Nilidhani utasema unaua."

Sasa likaja la Rajabu. Bi Tatu akashika msimamo mmoja: damu ni safi, cheti kipo, hayo mengine yafichwe mpaka ndoa ifungwe. "Mwanaume akishakula ubwabwa wa harusi, atameza na hilo." Daktari akasema siri ni ya Mwanaidi, siyo ya zahanati wala ya somo. Na Rajabu hakuwa mjinga. Alikuja peke yake, kijana mwembamba na saa kubwa mkononi, akanivuta nje.

"Mzee Mshamu, shikamoo. Niambie kiume tu. Ni ngoma?"

Ngoma ndilo jina la mtaani la ule ugonjwa. "Cheti hujakiona?" nikamuuliza.

"Cheti siku hizi kinanunuliwa, mzee. Wewe umemshika. Niambie."

Nilikuwa najua kila kitu. Neno moja lilikuwa linatosha kumwondoa au kumbakiza, na mdomo ulikuwa unaniwasha, nasema kweli, nilitaka sana kumtuliza. Lakini atendanti haoni alichokiona. Nikamwambia, "Kamuulize mwenyewe."

Kumuuliza peke yao haikuwezekana, hawajaoana. Mwanaidi akamwomba Bi Tatu, Bi Tatu akakataa kuwapo, akaenda kukaa barabarani. Basi nikawekwa mimi, mtu mzima, kwenye ncha ya benchi la korido, nakata gozi isiyohitajika.

"Siyo ngoma," akaanza Mwanaidi. "Na siyo jini. Ni mishipa. Unakuja unaondoka. Leo natembea, mwakani labda natembelea fimbo. Joto silitaki. Mtoto nitazaa. Nimemaliza."

Rajabu akauliza, "Huo ugonjwa una jina?"

Akamtajia. Rajabu akajaribu, akashindwa.

"Ndo nimwambie mama hivyo? Hata kulitamka siwezi."

"Mwambie unavyoweza."

"Mama atasema bora jini. Jini linapungwa."

"Najua. Hata mimi nimeshafikiria."

"Sasa mbona unalia?"

"Silii. Jicho tu."

"Lipi?"

"La kushoto."

"La kushoto si zima?"

Mwanaidi akacheka huku anajifuta, na yule kijana naye akacheka bila kutaka, halafu akainuka akaondoka bila kuaga. Wiki zikapita. Tulijua amekwenda. Mwanaidi alimaliza sindano zake, miguu ikarudi, akawa anakuja zahanati bila sababu, anakaa kwenye benchi. Hakusema anasubiri. Daktari akapita akamtazama, akatembea, akapita tena.

Rajabu alirudi na ujumbe wa kwao: ndoa ipo, lakini isogezwe mpaka mwezi wa saba, kipupwe kimeingia, joto limepungua. Wazo hilo lilikuwa lake. Bi Tatu hakumfukiza. Alimsugua singo iliyokorogwa kwa marashi yaliyotoka kwenye barafu, na akawaambia wanawake wengine kwamba hiyo ndiyo desturi ya zamani zaidi, wamesahau wao. Mama mkwe alikuja harusini akakaa ameipa meza ya maharusi kisogo. Alikula, lakini.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo kila kitu kilikwenda sawa. Ugonjwa ulirudi alipokuwa ananyonyesha mtoto wa kwanza, ukarudi tena, na kila ukiondoka uliacha kidogo nyuma. Fimbo ikaja. Kisha kiti cha magurudumu, mitumba, Rajabu mwenyewe alikikuta kwenye kontena akakitengeneza. Miaka baadaye akaoa mke wa pili. Simsifu, simlaumu. Siku za Mwanaidi alikuwa kwa Mwanaidi, na huyo mama mkwe ndiye aliyemlea mjukuu.

Daktari alipokufa watoto wake walikuwa ng'ambo, zahanati ikafungwa. Leo panauzwa simu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe, nilirudisha ufunguo juu kwa mama yake, ambaye naye aliniuliza kwa nini hasikii tena nyayo. Watu huniuliza kazi ile imenipa nini. Imenipa mgongo mbovu. Imenipa na usingizi wa vipande vipande, maana hata nikikaa barazani mkono unatafuta mtu wa kushika. Hapa ninapoandika nimeinuka mara nyingi kuliko nilivyokaa. Na kuna swali ambalo halijaniacha. Tulimtoa kwenye jini, ambalo linapungwa, ambalo kesho linaweza kuondoka zake. Tukampa jina lisiloondoka. Je, tulimfanyia wema?

Mwaka huu nilikwenda kumuuliza. Anauza kanga bado, nyumbani, barazani kwake, wateja wanamfuata. Nikamuuliza kama nilivyowauliza nyinyi, wazi.

Alifikiri huku anakunja kanga, mkono mmoja unasaidia mwingine.

"Mzee Mshamu, wakati wa jini, kila nilipoanguka waliniuliza nimefanya nini. Ulipita wapi mchana, ulijipaka marashi gani, ulimkosea nani. Kila siku niliulizwa. Tangu Daktari aliposema lile neno, nimeanguka mara nyingi sana, na hakuna mtu aliyeniuliza tena."

Jua lilikuwa linapanda ngazi za baraza, limefika kwenye magurudumu.

"Nisogeze," akasema, "linakuja."

Nikainuka, nikashika kiti kwa nyuma, nikamsogeza mpaka kivulini.